Asilimia 60 ya Nini? Jinsi Vyuo vya Marekani Vinavyogawa Ufadhili wa Michezo, Hatua kwa Hatua

Ukipigiwa simu na kocha wa chuo cha Marekani akakuambia anakupa asilimia 60, kabla hujashukuru muulize: asilimia 60 ya kitu gani? Ya karo peke yake, au ya gharama yote ya kuishi na kusoma pale kwa mwaka mzima? Kati ya majibu hayo mawili kunaweza kuwa na tofauti ya zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, na familia nyingi huijua tofauti hiyo wakati bili ya muhula wa kwanza imeshafika.

Mwongozo huu ni wa mwanamichezo aliye sekondari au aliyemaliza, mzazi wake, na mwalimu wa michezo anayemsaidia kujibu barua. Mifano yetu mingi ni ya riadha, kwa kuwa ndiyo njia iliyowafikisha huko vijana wengi wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma na kukimbia Texas-El Paso. Miaka ya karibuni Edward Cheserek aliondoka Oregon na mataji 17 ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani. Ukiwa mchezaji wa soka, voliboli, tenisi au mpira wa kikapu, hesabu ni zilezile. Namba ndizo zinazobadilika.

Hatua ya 1: Jua chuo kiko chini ya chama gani

Usijadili fedha na kocha kabla hujajua hili, maana kila chama kina sheria zake za kugawa.

NCAA ina madaraja matatu. Divisheni I ndiyo yenye vyuo vikubwa na fedha nyingi. Divisheni II hutoa ufadhili wa michezo pia, lakini karibu wote ni wa sehemu sehemu. Divisheni III haitoi hata senti moja kwa sababu ya michezo. Kocha wa Divisheni III akikuahidi "ufadhili wa kukimbia", ama hajui kazi yake ama anakudanganya.

Hilo lisikufanye uidharau Divisheni III. Vyuo vyake vingi vina ufadhili wa kitaaluma, na vichache vina msaada mnono unaotolewa kulingana na uwezo wa familia. Amherst na MIT, vyote vya Divisheni III, humpokea mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia kama ana fedha, kisha hulipia upungufu wote unaothibitishwa na hesabu za familia yake. Harvard, Yale na Princeton hufanya vivyo hivyo. Hivi vitatu viko Divisheni I, lakini pamoja na wenzao wa Ivy League, kundi la vyuo vinane vya zamani, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Kijana mwenye alama za juu sana darasani na familia yenye kipato kidogo anaweza kulipiwa zaidi huko kuliko kwenye chuo kinachompa "asilimia 60 ya riadha".

NAIA ni chama cha vyuo vidogo, vingi vya kidini au vya binafsi. Ukomo wake wa riadha ni ufadhili kamili 12 kwa timu, na wa mbio za nyika ni 5. Kina pia utaratibu wa kutowahesabu kwenye ukomo huo baadhi ya wanamichezo wenye alama nzuri darasani, na ndiyo maana kocha wa NAIA atakuuliza matokeo ya mtihani mapema kuliko unavyotarajia.

NJCAA ni vyuo vya miaka miwili. Divisheni I yake inaweza kulipa karo, malazi, chakula, vitabu vya lazima na nauli ya kwenda na kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Divisheni II yake hailipi malazi wala chakula, na Divisheni III hailipi chochote. Njia hii hudharauliwa bila sababu. Sally Kipyego alianzia South Plains, chuo cha miaka miwili huko Texas, kabla ya kuhamia Texas Tech na kuwa bingwa.

Hatua ya 2: Elewa hesabu ya vichwa na hesabu ya mafungu

Kwa miongo mingi Divisheni I ya NCAA iliendesha mifumo miwili kwa pamoja. Ule wa vichwa ulikuwa wa michezo michache: futiboli ya Marekani ya daraja la juu (nafasi 85), mpira wa kikapu wa wanaume (13) na wa wanawake (15), na voliboli (12), tenisi (8) na jimnastiki (12) za wanawake. Hapo kila anayepokea fedha za michezo alihesabiwa kichwa kimoja, hata akipewa dola moja. Kocha hakuwa na sababu ya kutoa nusu, kwa hiyo alitoa kamili au hakutoa kabisa.

Michezo mingine yote ilikuwa ya mafungu. Timu inapewa idadi ya ufadhili kamili, na kocha anaikatakata apendavyo ilimradi jumla isizidi ukomo. Riadha ya wanaume ilikuwa na 12.6, ya wanawake 18. Soka ya wanaume 9.9, ya wanawake 14. Besiboli 11.7. Tenisi ya wanaume 4.5.

Ile 12.6 haikuwa ya riadha ya uwanjani tu. Ilikuwa fungu moja la misimu mitatu: mbio za nyika wakati wa vuli, riadha ya ukumbini wakati wa baridi, na riadha ya uwanjani wakati wa masika. Timu inayohitaji wakimbiaji, warukaji, warushaji na watu wa vijiti inagawana fedha zisizofika watu 13. Na kama wasichana wanaonekana kupewa zaidi, sababu ni sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayotaka fedha za ufadhili zigawanywe kwa uwiano wa wanaume na wanawake wanaoshiriki michezo chuoni. Nafasi 85 za futiboli upande wa wanaume lazima zisawazishwe mahali fulani.

Mambo yaligeuka mwaka 2025. Tarehe 6 Juni mwaka huo Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, iliyofunguliwa na wanamichezo kudai malipo, na kuanzia Julai 1 vyuo vya Divisheni I vilivyojiunga na suluhu hiyo viliondolewa ukomo wa ufadhili. Badala yake viliwekewa ukomo wa kikosi: wanariadha 45 kwa riadha ya wanaume na 45 kwa ya wanawake, 17 kwa mbio za nyika kwa kila jinsia, 28 kwa soka, 34 kwa besiboli, 15 kwa mpira wa kikapu, 105 kwa futiboli, 10 kwa tenisi. Ndani ya idadi hiyo chuo kinaweza kumlipia kila mtu kamili, nusu, au bila chochote. Mfumo wa vichwa umekwisha kwenye vyuo hivyo. Sasa kila mchezo unaweza kukatwa mafungu. Vyuo ambavyo havikujiunga vimebaki na ukomo wa zamani, na Divisheni II nayo iko na 12.6 yake kwa riadha, wanaume na wanawake sawa.

Maana yake kwako ni hii. Zamani swali lilikuwa "nitapata fungu kiasi gani?" Kwenye chuo kilichojiunga na suluhu, linatanguliwa na jingine: "je, kuna nafasi kwenye kikosi?" Mwanariadha wa kiwango cha kati aliyezoea kuingia bila fedha, akijilipia na kujiendeleza taratibu, ndiye aliyebanwa zaidi, kwa kuwa hata asiyelipwa anahesabiwa kati ya wale 45. Zaidi ya hayo, kuna konferensi (vikundi vya vyuo vinavyoshindana pamoja) zilizojiwekea ukomo mdogo kuliko wa kitaifa, kwa hiyo muulize kocha namba ya chuo chake mwenyewe.

Hatua ya 3: Jiweke kwenye kiti cha kocha

Hapa ndipo wengi hawaelewi kwa nini kijana mwenye muda mzuri amepewa asilimia 30 na mwenzake wa karibu naye amepewa kamili. Hebu tuangalie timu ya mfano ya wanaume yenye 12.6, mafungu yakiwa yamekatwa hivi:

- Wakimbiaji 3 wa mbio ndefu, kamili kila mmoja: 3.0
- Wakimbiaji 2 wa mbio fupi, 0.9 kila mmoja: 1.8
- Mruka viunzi 1: 0.7
- Warushaji 2, 0.8 kila mmoja: 1.6
- Warukaji 3, 0.5 kila mmoja: 1.5
- Mshindani 1 wa michezo kumi: 0.6
- Wakimbiaji 3 wa mbio za kati, 0.5 kila mmoja: 1.5
- Chipukizi 4, 0.3 kila mmoja: 1.2
- Wengine 7, 0.1 kila mmoja: 0.7

Jumla ni 12.6 kamili, watu 26 wanapata kitu, na timu ikiwa na watu 40, basi 14 hawapati chochote.

Kwa nini mbio ndefu zimelamba kamili tatu? Kocha hununua pointi. Kwenye fainali za NCAA wanane wa kwanza hupata 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2 na 1. Mkimbiaji anayemaliza wa pili mita 10,000 na wa nne mita 5,000 ameleta pointi 13 peke yake, na bado ana msimu wa ukumbini na wa nyika, ambako watano wa kwanza wa timu ndio wanaohesabiwa. Mrushaji tufe anafanya kazi misimu miwili tu. Hivyo mkimbiaji mmoja wa masafa anatumika mara tatu kwa fedha ileile, na hii ndiyo sababu ya kweli ya makocha kufuatilia matokeo ya Iten na Eldoret.

Sasa tazama upande wa pili, ambao haupendezi. Kocha ana mifuko miwili: ule wa mafungu, wenye ukomo wa chama, na ule wa dola anaopewa na chuo chake. Ukomo ni dari. Hakuna anayelazimika kuufikia. Vyuo vingi vya Divisheni I vina ruhusa ya 12.6 lakini bajeti yao inatosha nusu ya hapo au chini zaidi.

Kwenye mfuko wa dola mgeni ni ghali. Chuo cha umma kinamtoza mwenyeji wa jimbo gharama ya, tuseme, dola 28,000 kwa mwaka na mtu wa nje 50,000. Nusu kwa mwenyeji ni dola 14,000, nusu kwako ni 25,000, na kwenye hesabu ya mafungu nyote mmehesabiwa 0.5. Tena Mmarekani wa familia maskini anaweza kujazia na ruzuku ya serikali ya shirikisho iitwayo Pell, ambayo wewe mwenye viza ya mwanafunzi huna haki ya kuipata. Kocha anaweza kumpa Mmarekani asilimia 40 na kijana akaishi. Wewe asilimia 40 haikufikishi popote. Kwa hiyo ukitoka Afrika Mashariki mara nyingi utakuta mawili: ama unapewa kamili au karibu na kamili kwa sababu utaleta pointi mara moja, ama hupewi kitu cha maana. Ofa ya katikati ndiyo ya kuitazama kwa jicho kali.

Baadhi ya vyuo vya umma huwaondolea wanamichezo wa nje tozo ya ziada ya asiye mkazi. Hilo linamrahisishia kocha bajeti, kwa hiyo muulize kama chuo chake kinafanya hivyo. Usione haya, swali hilo linamwonyesha kwamba unajua unachozungumza.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa dola

Kila chuo cha Marekani hutangaza kwenye tovuti yake makadirio ya gharama kamili ya mwaka. Tafuta ukurasa huo, chagua mwanafunzi wa kigeni au wa nje ya jimbo, anayeishi bwenini. Andika kila mstari. Chuo cha mfano:

- Karo na ada: 32,000
- Chumba: 7,500
- Chakula: 5,500
- Vitabu: 1,000
- Matumizi binafsi na usafiri: 4,000

Jumla dola 50,000. Asilimia 60 ya jumla hiyo ni 30,000. Asilimia 60 ya karo peke yake ni 19,200. Ndiyo ile tofauti ya 10,800 tuliyoanza nayo. Kuna na jibu la tatu: asilimia 60 ya karo, chumba, chakula na vitabu bila ule mstari wa mwisho, yaani 60 ya 46,000, sawa na 27,600. Kabla ya mwaka 2015 NCAA haikuruhusu ufadhili wa michezo kulipia matumizi binafsi na usafiri. Tangu hapo inaruhusu, lakini si kila chuo kinalipa. Neno "kamili" kwenye mdomo wa kocha mmoja ni 46,000, kwa mwingine ni 50,000.

Angalia pia bima ya afya. Vyuo vingi humlazimisha mwanafunzi wa kigeni kununua bima, na mara nyingine haimo kwenye makadirio ya juu. Uliza nani anailipa. Uliza vilevile kuhusu likizo ya Desemba, bweni likifungwa, na majira ya joto, kuanzia Mei hadi Agosti. Ufadhili wa kawaida ni wa mihula miwili. Tiketi ya kurudi nyumbani ni fedha nyingi, na kubaki bila chumba wala chakula ni mateso.

Hatua ya 5: Jaza pengo

Kwa asilimia 60 ya gharama yote, pengo ni dola 20,000. Kwenye vyuo vya Divisheni I fedha za kitaaluma haziingii tena kwenye hesabu ya mafungu ya timu, na kocha mjanja atakusukuma uombe kila kitu kinachopatikana: ufadhili wa alama za kidato, wa wanafunzi wa kigeni, wa kitivo fulani. Tuseme umepata 12,000. Pengo limebaki 8,000, zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya kwa mwaka, mara miaka minne. Hapo familia ikae chini iseme ukweli kama inaweza.

Kazi ya chuoni haiwezi kuziba pengo kubwa. Viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, inaruhusu kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mwanariadha mwenye mazoezi asubuhi na jioni na safari za mashindano hafikii hata nusu ya saa hizo. Kazi za nje bila idhini ni marufuku na zinaweza kukufukuzisha nchini.

Utasikia pia kwamba siku hizi vyuo vinawalipa wanamichezo moja kwa moja. Ni kweli: suluhu ya House iliruhusu kila chuo kilichojiunga kugawa hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo huelekea kwenye futiboli na mpira wa kikapu, na kwa mwenye F-1 malipo ya aina hiyo, sawa na mikataba ya matangazo, yanagusa sheria za kazi za uhamiaji. Usisaini kitu cha namna hiyo kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na wakili wa uhamiaji. Na usiiweke kwenye bajeti.

Sasa mawakala. Wapo waaminifu, na wapo wanaotaka asilimia ya ufadhili utakaopata. Kanuni za NCAA haziruhusu malipo ya wakala yafungwe na kupata kwako nafasi au kiasi cha ufadhili, na ukiingia mkataba wa namna hiyo unaweza kupoteza haki ya kushindana kabla hujapanda ndege. Barua pepe ya kocha ipo kwenye tovuti ya chuo. Mwandikie mwenyewe: muda wako bora na tarehe na mahali ulipouweka, kiungo cha matokeo rasmi, mwaka uliomaliza shule, alama zako. Mistari kumi inatosha.

Hatua ya 6: Soma mkataba wenyewe

Ile barua maarufu ya kitaifa ya kujifunga na chuo ilifutwa na NCAA Oktoba 2024. Kinachobaki ni mkataba wa msaada wa fedha kati yako na chuo. Ahadi ya kocha kwa simu au WhatsApp haina uzito wowote hadi iwe kwenye karatasi hiyo, na karatasi hiyo ni ya chuo, si ya kocha: akihamia kwingine, fedha zako zinabaki.

Kwanza tafuta kipindi. Ni mwaka mmoja au miaka kadhaa? Mikataba ya miaka mingi inaruhusiwa tangu 2012, lakini ya mwaka mmoja bado ni mingi. Pili, tazama kiasi kimeandikwaje. Ukiandikiwa dola 30,000 na karo ikapanda kwa asilimia 4 mwaka ujao, ongezeko ni lako. Ukiandikiwa asilimia, chuo kinapanda nawe. Omba asilimia, au orodha ya vitu: "karo na ada zote, chumba, chakula, vitabu".

Tatu, masharti ya kukatwa. Ndani ya kipindi cha mkataba chuo cha Divisheni I hakiruhusiwi kukupunguzia kwa sababu umekimbia vibaya au umeumia. Kinaweza kukata ukipoteza sifa za kushindana, mfano kwa kufeli masomo, ukiwa ulidanganya kwenye maombi, ukifanya utovu mkubwa wa nidhamu, au ukiacha timu kwa hiari. Hilo la mwisho ndilo mtego. Kijana aliyechoka na baridi anamwambia kocha kwa hasira "naacha", au anaandika ujumbe mfupi, na ujumbe huo unatumika kama ushahidi wa kujitoa. Ukiwa na shida sema "nina shida, naomba tuzungumze". Usiandike neno la kuacha.

Nne, kama unaanza Januari, hakikisha umeelewa kwamba mkataba wako wa kwanza unaweza kuwa wa muhula mmoja tu na utahitaji mwingine Agosti.

Hatua ya 7: I-20 na viza

Chuo hakitoi fomu ya I-20, karatasi unayohitaji kuombea viza, hadi kione fedha za mwaka wa kwanza zimetimia zote. Ufadhili wako unaandikwa kwenye fomu hiyo, na pengo linathibitishwa kwa taarifa ya benki ya mzazi au mdhamini. Ndiyo maana pengo la dola 8,000 si jambo la "tutaona tukifika". Fedha za harambee zilizoingia benki wiki moja kabla ya mahojiano huzua maswali. Ziweke mapema, na uwe na orodha ya waliochanga.

Ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni) ni dola 350 na ya maombi ya viza dola 185, na vyote hulipwa na wewe. Kwenye mahojiano ubalozini beba mkataba wa ufadhili na ujue namba zake kwa kichwa. Ofisa akikuuliza nani analipa, jibu liwe sentensi moja yenye dola ndani yake.

Baada ya kufika: kodi, saa za masomo, na Julai 1

Kodi huwashtua wengi, kwa kuwa makocha hawaitaji. Sehemu ya ufadhili inayolipia karo, ada za lazima na vitabu haitozwi. Inayolipia chumba, chakula na matumizi hutozwa, na kwa mwenye F-1 chuo hukata asilimia 14 mapema. Rudi kwenye mfano wetu: ufadhili wa michezo 30,000 na wa kitaaluma 12,000 ni 42,000. Ondoa karo, ada na vitabu, 33,000. Zinabaki 9,000 za kutozwa, na asilimia 14 yake ni dola 1,260, ambazo kwa kawaida huonekana kama deni kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo hakuna msamaha wa kuomba. Jaza fomu ya kodi ya 1040-NR kufikia Aprili: kiwango halisi cha kipato kidogo kama hicho ni asilimia 10, yaani dola 900, na zile 360 zilizozidi unarudishiwa. Fomu ya 8843 hujazwa hata na asiye na kipato.

Usishuke chini ya saa 12 za masomo kwa muhula (vipimo vya uzito wa masomo, yaani "credit"). Chini ya hapo unavunja masharti ya viza na ya NCAA kwa mpigo mmoja, na kwa F-1 somo moja tu la mtandaoni ndilo linalohesabiwa katika zile 12. Kabla ya kuacha somo gumu katikati ya muhula, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni na kwa mshauri wa masomo wa idara ya michezo, zote mbili.

Kama mkataba ni wa mwaka mmoja, tarehe ya kuweka alama kwenye kalenda ni Julai 1. Kufikia siku hiyo chuo lazima kikujulishe kwa maandishi kama ufadhili unaendelea, umepunguzwa au umeisha. Ukipunguziwa au kunyimwa una haki ya kusikilizwa na kamati iliyo nje ya idara ya michezo, na barua ya kukunyima lazima ieleze namna ya kuomba kikao hicho. Kuna muda wa mwisho wa kuomba, mara nyingi wiki chache tu, na wengi huupitisha kwa sababu wakati huo wako nyumbani na hawafungui barua pepe ya chuo. Ifungue kila siku mwezi wa Juni na Julai. Ukiomba kikao, peleka alama zako za darasani, rekodi ya mahudhurio ya mazoezi, ripoti za daktari kama uliumia, na kila barua pepe ambayo kocha alitaja namba.